Mali ni Nini, na Mtu Huru ni Nani?

Mwezi huu twauliza neno moja: Ni nani aliye maskini? Wengi hujibu upesi, Ni yule asiye na fedha. Jibu hili halitoshi, na nchi yetu ya Kyela yashuhudia hivyo. Tumepewa mpunga wenye harufu nzuri, michikichi, ndizi, na samaki wa Ziwa Nyasa. Tumepewa na kakao pia. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka wilayani kwetu. Hata hivyo wako watu wenye mashamba mema ambao kila mwaka huwavunia wengine.

Tutazame jinsi iwavyo. Tangu ua la kakao lichanue mpaka tunda liive hupita miezi mitano au sita. Kisha mbegu huvundikwa siku kadhaa, ndipo huanikwa juani. Katika muda huo huja karo ya mtoto, au maradhi, au msiba. Mnunuzi hupita, hutoa fedha kidogo, na mavuno yaliyo bado mtini huwa yake. Mwaka 2024, mavuno yalipopungua katika Afrika ya Magharibi, bei ilipita dola 10,000 kwa tani katika soko la New York. Aliyekwisha kuuza maua aliitazama baraka hiyo ikipita mlangoni pake, ikaenda kwa mwingine.

Hatusemi kwamba mwenye shida ni mpumbavu. Esau alipouza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha mara moja, njaa yake ilikuwa ya kweli, wala njaa si dhambi. Kosa lake ni kuihesabu haki yake kuwa si kitu, kwa sababu haikuweza kuliwa siku ile. Hapo ndipo yatupasa kugeuza fikara zetu. Twadhani mali ni kile kilicho mkononi leo. Kumbe mali hasa ni kuweza kungoja. Mwenye mpunga ghalani na karo aliyoiweka mapema aweza kumwambia mnunuzi, La, bado. Awezaye kusema La, huyo ndiye mtu huru.

Mtu atauliza, Je, hatukufundishwa kuomba mkate wa leo tu? Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi hilo alihesabu pia nyumba, shamba, mifugo na fedha. Basi aombaye mkate aomba na shamba liutoalo; asiliuze shamba la kesho kwa ajili ya mkate wa leo.

Mwingine atasema, Kila mtu na ajitegemee peke yake, kwani mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mithali hii yamfaa mvivu, lakini tusiifanye kuwa sheria ya nyumba zetu. Wazee wa Kinyakyusa walikaa vijijini kwa marika, nao walisifu ukwangala, yaani kukaa na kula pamoja kwa furaha. Ni kweli kwamba karamu moja yaweza kumaliza akiba ya mwaka. Lakini umoja ule ule waweza kuilinda. Watu kumi wa rika moja, wakiweka kidogo kidogo baada ya mavuno, waweza kumkopesha mwenzao karo katika miezi ya taabu, asimwendee mnunuzi wa maua.

Ghala la ushirika nalo lina kazi hiyo. Kwa sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005, mkulima aweza kuweka mazao yake, akapokea hati, akangoja bei njema. Lakini viongozi wa ushirika na wakumbuke: malipo yakikawia, mkulima hurudi kwa yule yule waliyemwonya asimwendee.

Basi, ndugu, mavuno yajayo tusianze kwa kuuliza, Nitapata kiasi gani? Tuulize kwanza, Naweza kungoja siku ngapi, na ni nani atakayengoja pamoja nami?