Kunyamaza Nako ni Wosia

Mzee wa Chakol, kaunti ya Busia, akiulizwa na wanawe shamba litagawanywa vipi, mara nyingi hujibu kwa swali: mnataka nife? Swali hilo hufunga mazungumzo, na mwenye adabu halirudii. Wanaolitetea husema kifo ni cha Mungu, na kukiandikia ni kukiita. Sibishani na hofu ya kifo. Ninachokipinga ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba mzee akinyamaza hakuna kilichoamuliwa. Kimeamuliwa, tena kwa kirefu. Sheria ya Urithi ya Kenya ilitungwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na mali ya anayekufa bila wosia hugawanywa kwa vifungu vyake. Mashamba ya Turkana, Marsabit, Narok na wilaya nyingine kadhaa yaliachiwa mila. Busia haimo katika orodha hiyo. Tuseme marehemu ameacha ekari kumi na moja na wajane wawili, mmoja mwenye watoto saba, mwingine wawili. Wazee wengi wangetazama nyumba: nyumba mbili, mafungu mawili sawa. Kifungu cha 40 kinahesabu vichwa, watoto pamoja na mama yao, kwa hiyo nyumba moja inaanzia kwenye ekari nane na nyingine kwenye tatu. Mabinti wamo katika hesabu, walioolewa na wasioolewa. Huenda ndivyo mzee alivyotaka, huenda angekasirika kaburini. Vyovyote iwavyo, hayo ndiyo aliyoyasema kwa kunyamaza kwake.

Wazee wenye hekima wana jibu zito zaidi ya hofu. Wanasema ardhi si ya mtu mmoja. Ni ya ukoo, ateker kwa Kiteso, ya waliotangulia na ya watakaozaliwa. Mtu atausia vipi kisicho chake? Naiheshimu hoja hii, ila naona inamgeukia anayeitoa. Baada ya uhuru ardhi ilipimwa na kuandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1963, na karatasi haikuuliza habari za ukoo. Tazama hati ya huku: juu imeandikwa South Teso/Chakol, kisha namba ya shamba, kisha mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni mwanamume mmoja. Wake hawamo, ndugu hawamo, wajukuu hawamo. Kama kweli mtu huyo anajiona mwangalizi tu wa mali ya wengi, basi ni yeye mwenye kalamu ya kuwarudisha hao wengi katika maandishi. Mweka hazina wa chama akiondoka bila kukabidhi daftari, hakuna anayemsifu kwa unyenyekevu. Kwa hiyo anayeandika wosia ndiye anayetenda kama mwangalizi. Anayenyamaza amekufa kama mmiliki, hata kama mdomoni alisema vingine.

Matokeo yake yanaonekana mashambani. Babu alifariki zamani, hati bado ina jina lake. Wana wamejigawia kwa miguu, hatua kadhaa hadi kwenye mwembe, na mmoja akibanwa na karo au bili ya hospitali anauza kipande. Makubaliano yanaandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, mzee wa kijiji anaweka sahihi, mnunuzi anafyatua matofali. Kifungu cha 45 kinakataza mtu asiye na idhini ya kisheria kugusa mali ya marehemu, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mnunuzi aliyekwisha kuezeka anaweza kuambiwa mahakamani kwamba muuzaji hakuwa na kitu cha kuuza. Na baba naye akifa kabla jina la babu halijatoka, wajukuu wanafungua mirathi ya watu wawili ili wapate kiwanja kimoja: vyeti viwili vya kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi, tangazo kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za kungoja pingamizi, kisha kwa kawaida miezi sita kabla mahakama haijathibitisha mgawanyo. Ugomvi ukizuka njiani, miezi inakuwa miaka.

Wapo watakaosema yote hayo ni ya dunia, na Biblia imeyatupa nje. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, mtu alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi, naye akakataa kufanywa mgawanyaji. Ni kweli, alikataa. Lakini usifunge kitabu hapo. Kinachofuata ni kisa cha tajiri aliyejaza maghala akafa usiku uleule, na swali aliloulizwa ni hilihili, vitu vile vitakuwa vya nani. Hatusikii jibu lake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, inaingia moja kwa moja katika boma la wake wengi: siku ya kurithisha, mume amekatazwa kumpandisha mtoto wa mke anayempenda juu ya mzaliwa wa kwanza wa yule asiyempenda. Agizo hilo linachukulia kwamba baba atasema, tena akiwa hai. Linachogombana nacho ni dhuluma ndani ya maneno yake. Kwa Waislamu jambo liko wazi zaidi: mafungu yamewekwa katika Surat An-Nisaa, deni hulipwa kwanza, wosia hauvuki theluthi, na bado Mtume alifundisha kwamba mwenye cha kuusia asilale hata siku mbili bila kukiandika.

Penye mabinti ndipo moto unapowaka. Wanaowatetea hutaja Hesabu sura ya 27, ambapo mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakapewa fungu la baba yao. Wazee wanaosoma vizuri hujibu kwa sura ya 36, ambapo mabinti haohao waliagizwa waolewe ndani ya kabila lao ili ardhi isihame. Wana haki ya kuitaja. Ila watazame kilichofanyika: hofu ya ukoo iliwekewa sharti, haikuwanyang'anya mabinti fungu. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Rono ya mwaka 2005, haikukubali kwamba binti apunjwe kwa sababu huenda akaolewa. Pasipo wosia, mlango wa masharti umefungwa. Kwa wosia, baba anaweza kumpa binti fedha au mifugo badala ya shamba, au kiwanja cha kurudia ndoa ikivunjika. Hawezi kumtupa mtegemezi kabisa, kwa sababu kifungu cha 26 kinaipa mahakama uwezo wa kumwongezea aliyesahauliwa. Kwa hiyo anayeogopa shamba lisiende kwa wakwe ana sababu kubwa kuliko wote ya kuandika.

Inabaki hofu kwamba watoto wakiujua wosia watamharakisha mzee. Sheria haidai waujue. Karatasi ya kawaida inatosha, mwenye mali atie sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao hawalazimiki kujua kilichomo. Shahidi asiwe mrithi, maana zawadi yake inaweza kubatilika. Wosia unaweza kufutwa na kuandikwa upya, na kwa kawaida ndoa mpya huufuta yenyewe. Kwa familia za mpakani liko jambo moja zaidi. Mwaka 1902 Waingereza waliihamisha sehemu ya mashariki ya Uganda wakaitia upande wa Kenya, na Wateso wakakatwa katikati; hadi leo yupo mwenye shamba Chakol na jingine Tororo. Ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo, na hati ya usimamizi iliyotolewa Busia ya Kenya haina nguvu Tororo mpaka mahakama ya huko iigonge muhuri wake. Anayeusia aandike kila kipande kiko wapi.

Ombi langu ni kwa mapadri, wachungaji na maimamu wa Chakol, Malaba na Busia. Mnapokwenda kumwombea mgonjwa, mwulizeni pia kama ameusia, na mwende na watu wawili wasiorithi chochote kwake. Kama hawezi kuandika, maneno yake mbele ya hao wawili ni wosia halali, ila andikeni tarehe: akiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuyasema, hayana nguvu tena, na itabidi aulizwe upya.