Prosesa Inayotosha

Kuchagua prosesa ya bei nafuu kwa kompyuta ya michezo ni swali la kifalsafa kabla ya kuwa swali la fedha: kipi kinatosha? Aristotle alifundisha kwamba fadhila hukaa kati ya upungufu na ziada, na kwamba kiasi hicho hupimwa kwa kumzingatia mtu na hali yake. Mwaka 1956 Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kuwa binadamu, kwa kuwa maarifa yake yana mpaka, hutafuta chaguo linalokidhi haja badala ya lililo bora kuliko yote.

Prosesa inaipa nguvu hoja hiyo. Katika michezo mingi picha huchorwa na kadi ya picha. Prosesa huiandalia kazi. Kadi ikishaelemewa, prosesa ya bei maradufu haiongezi chochote cha maana. Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, yenye viini 6 na nyuzi 12, humtosha mchezaji wa kawaida mwenye kioo cha 1080p. Core i3-12100F, yenye viini 4, huwa nafuu zaidi, lakini hubanwa mapema na michezo mipya iliyo mizito. Hapo ubahili nao ni kosa, kwani mnunuzi atalazimika kurudi dukani.

Tamaa ya kilicho bora kabisa haina kituo, maana matoleo mapya hayakomi. Aliyepata prosesa inayoifanya vyema kazi aliyoikusudia ana haki ya kuacha kutafuta, na pesa iliyobaki aipeleke kwenye kadi ya picha.