Mkono Utoao Kikombe

Mwanafunzi anapoingia darasani akinuka pombe, huulizwa kwa nini amekunywa. Swali hilo ni la haki, ila limeanzia mwisho. Kabla ya mdomo ulionywa, palikuwa na mkono uliotoa.

Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi, magharibi yake, mkono huo huonekana wazi msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba. Korosho hupelekwa ghalani. Bibo lake huoza upesi, basi hukamuliwa. Maji yake mabichi ni matamu. Yakilala huchacha yakawa uraka. Yakichemshwa, mvuke ukapozwa, hutoka gongo. Mtoto ndiye aokotaye mabibo, ndiye atumwaye kununua, na pengine fedha ya uraka ndiyo imnunuliayo sare na madaftari. Ni vigumu kumwambia kuwa kilichomsomesha ndicho kitakachomharibu.

Sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Viroba, vilivyofichika kwa urahisi mfukoni mwa sare, vilipigwa marufuku Machi 2017. Lakini sheria hufunga duka. Ua wa nyumba hufungwa na wenyewe.

Wapo wasemao kuwa kijana aliyetoka jandoni ni mtu mzima, hana wa kumzuia. Hoja hii yaidhulumu jando yenyewe. Kumbini mvulana hufunzwa heshima, kazi na kutunza siri, yaani mizigo ya utu uzima. Ampaye kikombe humwonjesha anasa ya utu uzima kabla mabega hayajakomaa, ilhali akili yake ingali inakua na ulevi huidhuru upesi.

Yasemwa pia kwamba alikunywa kwa hiari. Hiari ni ya mwenye uwezo wa kukataa, na mtoto amelelewa kutomkatalia mkubwa. Wahenga waliposema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kitendo walimpa mlezi. Kijana ana sehemu yake ya lawama, na hukua pamoja na umri wake; aliyemtuma anayo iliyo kubwa zaidi.

Nyumba iishiyo kwa uraka haiwezi kuuacha kwa siku moja, wala si uungwana kuidai hivyo. Yaweza, hata hivyo, kuacha leo kumtuma mtoto chupa, na kuacha kumcheka anapoonja. Hilo halipunguzi hata shilingi moja ya sare yake.