Je, Bei Ina Sauti?

Mtu akishika gitaa la besi la bei nafuu, mara nyingi huwa ameshalihukumu kabla hajaligusa. Ameona jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa hilo, ameuliza bei, na kuanzia hapo sikio linafuata yale ambayo akili imekwisha kuamua. Swali ni la kale kuliko besi yenyewe: ubora wa kitu umo ndani yake, au umo katika tunachokijua juu yake? Aristotle alitoa mfano wa mpiga kinubi: kazi yake ni kupiga kinubi, na aliye bora ni yule anayekipiga vizuri. Naona kipimo hicho kinakifaa chombo pia. Besi njema ni ile inayofanya vizuri kazi ya besi, na bei haimo katika kazi hiyo.

Kazi yenyewe inakagulika. Uzi mnene kuliko zote hutetemeka takribani mara 41 kwa sekunde, na tangu mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipotoa besi ya Precision Bass mwaka 1951, urefu uliozoeleka wa uzi unaotetemeka ni inchi 34. Shingo ndefu hivyo huvutwa kwa nguvu mchana na usiku. Itazame kutoka kichwani, jicho moja limefumbwa, kama seremala anavyotazama ubao. Pitisha kiganja ukingoni: ncha za freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zikikukwaruza, umaliziaji ulifanywa haraka. Piga uzi mtupu, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12. Kama sauti ya pili si oktava kamili ya ile ya kwanza, daraja halijarekebishwa. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachouliza bei.

Atakayepinga atasema rahisi inavunja upishi. Ana hoja, kwani kiwanda kinachobana gharama hubana pia muda wa fundi. Lakini methali inaonya juu ya yanayotokea mara nyingi. Haijakagua besi iliyo mkononi mwako. Tena kasoro nyingi za aina hii zinatibika: freti hupigwa tupa, shingo hunyooshwa kwa kurekebisha chuma kilichofichwa ndani yake. Mwingine atasema sauti tamu inataka mbao za thamani na jina kubwa. Mwaka 2012 mtafiti Claudia Fritz na wenzake walichapisha jaribio ambamo wapiga fidla 21 walijaribu fidla mpya na za kale bila kuweza kuzitambua kwa macho. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya. Iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya fundi mashuhuri wa kale, Stradivari. Ni kweli, fidla si besi. Ila tofauti yenyewe inaipa nguvu hoja yangu: fidla hutegemea tumbo lake la mbao ili isikike, ilhali kwenye besi ya umeme sumaku hunasa mtetemo wa uzi wa chuma, na mbao huchangia kwa kupitia uzi huo tu.

James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya Motown huko Detroit, alijulikana kwa kupiga kwa kidole kimoja na kwa kuacha nyuzi kuukuu mahali pake. Kama nyuzi kuukuu zilitosha kwa rekodi hizo, basi kijana anayeambiwa chombo chake ni takataka kwa sababu ya jina lililo kichwani mwa chombo hicho anadhulumiwa, na muziki unadhulumiwa pamoja naye. Ukienda dukani, mwombe muuzaji asikutajie bei mpaka umalize kupiga.