Pikipiki ya Hapa na Hapa

Yako maneno ambayo mtu akiyatamka kwa upole huonekana mwenye busara, kumbe ndani yake imefichwa dhuluma. Maneno hayo ni "hapa na hapa". Tumeyasikia mara nyingi pale Kisesa, njia ya Bujora inapokutana na lami ya kutoka Mwanza kwenda Musoma. Mwulize mwalimu, karani au fundi aliyejinunulia pikipiki ya kumfikisha kazini, "Bima umekata, ndugu?" Naye hujibu, "Ya nini? Mimi siendi Musoma wala Shinyanga. Natoka Bujora naenda Igoma, jioni narudi. Hapa na hapa tu."

Twapenda leo kulipima jibu hilo. Je, ufupi wa safari humpunguzia mtu wajibu wake? Wala hatusemi habari ya wajibu mbele ya trafiki. Kwa upande huo jambo liko wazi: Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamkataza mtu kuendesha chombo cha moto barabarani pasipo bima ya madhara yawezayo kuwapata watu wengine, nayo haikuweka kipimo cha kilomita. Sisi twauliza habari ya dhamiri.

Njia yenyewe ni fupi kweli. Toka kilima cha Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement, hata kufika mjini Mwanza ni kilomita zipatazo 20, na huyu wa Igoma hata hizo hazimalizi. Walakini hatari ya njia haipimwi kwa urefu. Katika kipande hicho yamo mabasi ya Musoma na ya Sirari, malori, daladala zisimamazo ghafula kwa ajili ya abiria mmoja, baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa, ng'ombe, na watoto wa shule. Nanyi mliopata kuja Bujora mwezi wa Juni kwa sikukuu ya Bulabo, wakati Bagika na Bagalu wanaposhindana kwa ngoma, mwajua jinsi watu wanavyofurika hata usione ukingo wa barabara uko wapi. Kumwangusha mtu hakuhitaji safari ndefu. Hatua moja yatosha.

Tuweke mfano. Mama mmoja anatoka sokoni Kisesa na beseni lake la dagaa kichwani. Yule karani wetu wa Igoma, mtu mwema, hajanywa kitu, wala haendi mbio kupita kiasi, anageuza macho kitambo kidogo kutazama lori lililo nyuma yake. Mara mama yuko chini na mguu umevunjika. Karani hakimbii. Anamwinua, anatafuta gari, anamfikisha Sekou Toure, na pengine mama anapelekwa Bugando. Anamwomba radhi kwa machozi ya kweli. Halafu? Mguu uliovunjika waweza kumweka mtu kitandani miezi mitatu na zaidi. Katika miezi hiyo hakuna dagaa, mtaji unaliwa, na watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa madaftari. Karani ana mshahara wake mdogo na watoto wake pia. Pikipiki yenyewe imepinda, na wanunuzi wanaitazama kama chuma chakavu. Huruma yake ni kubwa, lakini huruma haimnunulii mama dawa.

Hapo ndipo tunapoliona jambo lenyewe. Watu wengi huikataa ile iitwayo bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu, kwa sababu moja iliyo kweli kabisa: haimtengenezei mwenye pikipiki chombo chake, wala haimtibu mguu wake mwenyewe. "Hainisaidii mimi," husema. Sawasawa! Wamefahamu vizuri kuliko mawakala wengine wanaoiuza. Bima hiyo haikuwekwa kwa ajili yao. Iliwekwa kwa ajili ya yule mama wa dagaa, ambaye hajui hata jina la kampuni, wala hakuulizwa kama angependa pikipiki ipite karibu naye asubuhi ile. Ajabu ni kwamba kutoka katika ufahamu huo mwema wamechuma tunda baya: kwa kuwa si yangu, siinunui.

Tulipokuwa seminari kuu, walimu wetu wa maadili walitufundisha kutenga mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya: deni la haki na kipaji cha huruma. Aliyeumia kwa chombo chako haombi kipaji, anadai. Nasi twathubutu kwenda mbele kidogo. Deni hili halianzi siku ya ajali. Mtu akikopa fedha akijua kabisa kwamba hana namna ya kulipa, tunamwita mwizi tangu siku ile ya kukopa. Hatungoji mpaka siku ya kudaiwa. Basi mwenye pikipiki naye hukopa kila asubuhi. Huwakopa watu wote wa njiani usalama wao, ili yeye awahi kazini. Siku nyingi mno huwarudishia jioni bila hasara, nasi twamshukuru Mungu. Lakini kama alikopa bila namna yoyote ya kulipa, kosa lilikwisha kufanyika pale alipopiga kiki.

Sisi wa Usukumani tusijifanye kana kwamba fikira hii ni ngeni. Ng'ombe wakiingia katika shamba la mtu wakala mtama, wazee hawaulizi wametembea umbali gani kutoka zizini. Huuliza, ni ng'ombe wa nani? Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, nayo ilikuwa na neno juu ya ng'ombe mwenye kupiga watu pembe: mwenyewe akiwa amekwisha kuonywa naye hakumlinda, hatia ilikuwa juu ya mwenye ng'ombe. Na ni nani leo asiyeonywa juu ya pikipiki?

Mfano huu wa ng'ombe unatufikisha kwa watu wengine, ambao makosa yao ni mazito kuliko ya karani. Ni wale matajiri wenye pikipiki tatu au nne, waliowakabidhi vijana kuziendesha bodaboda kwa kuleta hesabu kila jioni. Tajiri hajui kijana amekula nini, lakini hesabu anaijua mpaka shilingi ya mwisho. Bima ikiisha, humwambia kijana, "Wewe tembea vichochoroni, usitokeze barabarani." Hivyo anatuma ng'ombe wake shambani kwa jirani usiku, na mchungaji ndiye atakayekamatwa. Kijana akimgonga mtu, tajiri huja kituoni kuchukua pikipiki yake. Hatuna maneno ya kulainisha jambo hilo. Anayekula faida ya chombo ndiye wa kwanza kubeba deni lake.

Na yule karani asidhani tumemsahau. Asubuhi anapopita Kisesa humpakia jirani kwa "fedha ya mafuta", na kesho mwingine, na kesho kutwa wawili. Hati yake ya bima, kama anayo, imeandikwa kuwa chombo ni cha matumizi yake binafsi. Hapo amesema uongo kwa maandishi, hata kama kalamu iliyoandika ni ya wakala. Bima husimama juu ya uaminifu: kampuni haiji kulala nyumbani kwako kuona unavyotumia pikipiki, inakusadiki. Ajali ikitokea abiria yupo mgongoni, kampuni itakuwa na neno la kusema, na atakayepata hasara ni huyo jirani aliyelipa nauli yake kwa moyo safi.

Twajua watu watatujibu nini. Wako watakaosema kwamba Mungu ndiye mlinzi. Naam, lakini wao hao hufunga milango usiku. Wengine watasema hawana fedha. Hao twawahurumia kweli, maana mafuta yamekuwa ghali. Ila yafaa mtu ahesabu bima pamoja na bei ya kununulia pikipiki, kama anavyohesabu tairi, kuliko kuifanya iwe kitu cha kununuliwa fedha ikibaki. Fedha haibaki.

Lakini liko jibu la tatu, nalo si la kudharauliwa: "Kampuni hizi huchukua fedha upesi na kulipa polepole." Tumesikia malalamiko hayo, na mengine ni ya haki. Mtu huzungushwa na makaratasi mpaka nauli ya kufuatilia inakaribia kushinda fidia yenyewe. Hata hivyo tukumbuke wazee wetu wa pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipoona wanapunjwa katika mizani ya wanunuzi, hawakuacha pamba ioze shambani. Waliweka watu wao wa kupima, wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika VFCU. Mizani mibovu huwekewa msimamizi. Na katika bima wasimamizi wapo: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye kazi yake ni kusikiliza wanaonyimwa haki. Tatizo letu ni kwamba hatuendi.

Badala yake twayamaliza barabarani. Hebu wasomaji wajichunguze katika hili, maana sisi twaona ndilo chanzo cha mabaya mengi. Mtu amegongwa, bado anatetemeka, hajui mfupa umepasuka au la. Watu wanakusanyika, mmoja anajifanya mzee wa baraza, inatolewa noti ya elfu kumi, nyingine inaongezwa, mgonjwa anaambiwa, "Mama, sisi sote ni majirani, usimharibie kijana maisha." Anapokea. Kesho mguu umevimba kama mtungi, na kijana hapokei simu. Tabia hii twaiita upatanisho, na kwa nje unafanana nao kweli. Lakini upatanisho wa kweli hufanyika baada ya madhara kujulikana. Huu hufanyika upesi ili yasijulikane. Aliyeumia na aende polisi kwanza, apate fomu ya PF3 ya matibabu, aandikishe ajali, ashike namba ya pikipiki. Kwa namba hiyo bima ya chombo yaweza kutafutwa. Kufanya hivyo si ukatili kwa jirani. Kama jirani amekata bima, hakuna maisha yatakayoharibika. Ndiyo sababu aliikata.

Tulipokuwa tukiandika haya, mmoja wetu aliuliza swali ambalo hatukulitazamia: na pikipiki ya ofisi hii je? Ile ipelekayo magazeti Kisesa na Bujora? Tukatafuta hati kwenye droo, tukaikuta chini ya risiti za karatasi. Bima ilikuwa imekwisha siku 19 zilizopita. Kijana wetu alikuwa ameondoka nayo kila siku katika siku hizo, na hakuna aliyewaza, kwa kuwa ni mwendo wa karibu. Tuliifungia stoo mpaka mambo yalipokamilika, naye akapanda daladala na mafurushi yake. Magazeti ya wiki hiyo yalifika Bujora yamechelewa siku mbili, na wasomaji watatu wametuandikia kulalamika.