Kiberiti Hakipimi Asali

Familia moja ya Kimara, jijini Dar es Salaam, ilikuwa na bahati ambayo wakazi wengi wa mjini wanaitamani: kaka wa mke alikuwa mfugaji nyuki huko Mufindi, mkoani Iringa. Kisa hiki ni cha mfano, lakini kila kilichomo hutokea katika nyumba zetu.

Kila baada ya msimu wa kurina, kaka huyo aliwatumia ndoo ya asali. Mwaka mmoja, katikati ya Julai, aliileta mwenyewe. Alishuka kituo cha mabasi cha Mbezi, akapokewa, akanywa chai, ndipo akaifungua ndoo mbele ya wote.

“Shemeji,” alimwambia mume wa dada yake, “hii nimeirina mwezi uliopita, masega yaliyozibwa tu. Kwetu sasa ni baridi, imeshaanza kuganda huku chini. Ikiganda yote msishtuke. Iwekeni kwenye maji ya uvuguvugu, italainika. Ila msiipike.”

Akamtazama mpwa wake wa miezi mitano aliyekuwa mapajani kwa mama yake. “Huyu asilambishwe hata tone mpaka atimize mwaka.” Kisha akamgeukia baba mzazi wa shemeji yake, mwalimu mstaafu aliyeishi na ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi. “Na wewe mzee wangu, nakuomba usiifanye dawa. Asali ni tamu kwa sababu ina sukari. Muulize daktari wako kwanza.”

Mzee aliitikia kwa adabu, ila moyoni hakuridhika. Alitarajia kuletewa tiba, akaletewa masharti.

Wiki chache baadaye asali yote ikaganda, nyeupe na nzito kama samli. Mume alichota kijiko, akazisikia chembechembe chini ya meno, uso ukambadilika. Jirani aliyeitwa kutoa ushauri alisema bila kusita kwamba asali ya kweli haigandi. Mke akakumbusha kwamba kaka yake aliwaambia mapema.

“Mwizi naye hujitetea mapema,” mume akajibu. “Kaka yako katuletea sukari.”

Maneno hayo yalifika Mufindi, kama maneno ya aina hiyo yanavyofika siku zote. Kaka mtu hakujibu, na simu zikakatika. Ndoo ikasukumwa kwenye kona ya stoo.

Haukupita muda, mchuuzi akapita mtaani na asali aliyoiita ya Tabora, imejazwa katika chupa za maji zilizotumika. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na katika kila chupa kilielea kipande cha sega. Mchuuzi hakusubiri kuulizwa. Alichovya njiti ya kiberiti ndani ya asali, akaikwaruza, ikawaka. Akaomba bilauri ya maji, akamimina kidogo, ikazama mpaka chini bila kutawanyika. Mzee, aliyekuwa amewafundisha watoto wa watu sayansi kwa miaka mingi, aliona kwamba hapo kuna ushahidi.

“Hii ni asali mbichi, mzee wangu,” mchuuzi alisema. “Hii haipandishi sukari, inaishusha. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Mwezi mmoja tu, vidonge utavisahau. Na huyo mtoto mlambisheni, atakuwa na nguvu.”

Walinunua chupa tatu.

Mtoto alinusurika kwa sababu siku ya kliniki ilikuwa karibu. Muuguzi aliuliza anakula nini zaidi ya maziwa ya mama, mama akataja asali, muuguzi akaweka kalamu chini na kumweleza hatari yake hapo hapo. Mzee hakuwa na wa kumuuliza. Alianza kwa kupunguza vidonge, halafu akaviacha kabisa, huku akiongeza vijiko. Kiu ikamshika. Usiku akawa anaamka kila mara kwenda msalani, macho yakaingia ukungu, mwili ukaisha nguvu. Alijifariji kwamba ugonjwa unatoka. Asubuhi moja hakuweza kusimama, akabebwa kupelekwa hospitali, na sukari yake ilipopimwa ilikuwa imepanda kiasi cha kuhatarisha maisha. Alilazwa. Alipona, kwa kuwa alifikishwa mapema.

Daktari aliposikia habari za vijiko vinne kwa siku, mwana wa mzee alijaribu kujitetea: “Kumbe ile ilikuwa feki. Angekula ya shemeji haya yasingetokea.”

“Hata ya shemeji yako ingempandisha,” daktari akamjibu. “Na kuacha dawa kungemwangusha kwa asali yoyote ile.”

Ndipo mwanaume huyo alipoelewa kwamba mambo yote matatu aliyoyasema shemeji yake yalikuwa kweli, na yote matatu aliyoyaamini kwa mchuuzi yalikuwa uongo. Aliporudi nyumbani alipiga simu Mufindi kuomba radhi. Shemeji yake alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Ndoo bado ipo?” Akaambiwa ipo. “Basi iwekeni kwenye maji ya uvuguvugu.”

Kosa la kwanza la familia hii ni kuihukumu asali kwa kuganda. Sehemu kubwa ya asali ni sukari za aina mbili, fruktosi na glukosi, zilizoyeyuka katika maji machache. Glukosi haiyeyuki kwa wepesi kama fruktosi, hivyo hujitenga polepole na kuwa chembechembe. Baridi ya nyuzi 14 hivi ndiyo inayoharakisha zaidi jambo hilo, na ndiyo maana asali ya nyanda za juu mara nyingi huganda kabla haijafika mjini. Asali yenye fruktosi nyingi hukaa majimaji kwa muda mrefu, nayo ni halisi vilevile. Kwa hiyo kuganda peke yake hakuthibitishi udanganyifu, na kutoganda hakuthibitishi usafi. Tena anayechemsha sukari kwa maji na ndimu anaweza kupata kimiminika kizito kisichoganda kwa urahisi, kwa sababu uchachu wa ndimu na moto huivunja sukari ya kawaida ikawa fruktosi na glukosi. Mnunuzi anayeikataa asali kwa sababu imeganda anamfungulia mlango mtu huyo.

Kosa la pili ni kumwachia muuzaji achague kipimo. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Njiti ikiwaka, inaonyesha tu kwamba kilichoigusa hakina maji mengi ya kuilowesha. Kitu kikizama kwenye bilauri, kinaonyesha kwamba ni kizito kuliko maji. Sukari iliyochemshwa hadi kuwa nzito hufaulu majaribio yote mawili. Asali ya nyuki wadogo, ambayo wengi wetu tunaithamini, kwa asili ni nyepesi, ina maji mengi na uchachu kidogo, kwa hiyo ni rahisi ishindwe hapo ingawa haijachanganywa na chochote. Kipande cha sega kinachoelea nacho ni rahisi kutumbukizwa na mtu yeyote. Na wale wanaosema sisimizi hawaigusi asali halisi wamekosea: sisimizi hawana uhasama na asali, wanaila kama wanavyokula sukari.

Kubaini asali iliyochanganywa ni kazi ngumu hata kwa wataalamu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitoa matokeo ya uchunguzi wa sampuli 320 za asali iliyoagizwa kutoka nje ya umoja huo. Sampuli 147, sawa na asilimia 46, zilitiliwa shaka kwamba zimeongezwa sukari za aina nyingine. Asali hiyo ilikuwa na nyaraka na lebo, na ilihitaji maabara kuigundua. Njiti ya kiberiti itaona nini pale ambapo lebo na nyaraka zilipita salama?

Kosa la tatu ndilo lililokaribia kuua: kudhani kwamba kikiwa safi basi kinamfaa kila mtu. Kijiko kimoja kikubwa cha asali kina takriban gramu 17 za sukari. Nyuki kuitengeneza hakuifanyi sukari hiyo ipite mwilini bila kuhesabiwa. Mwenye kisukari anayetaka kuonja asali ajadiliane na daktari wake, na asiache dawa kwa neno la mchuuzi, la jirani wala la mwandishi.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi 12, jibu ni hapana, hata kwa asali iliyorinwa na baba yake mzazi. Asali inaweza kubeba spora za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima huzidhibiti bila yeye kujua. Katika utumbo wa mtoto mchanga zinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto hufunga choo, hunyonya kwa udhaifu, sauti ya kilio hufifia, kope huanguka, shingo hukosa nguvu, na mwisho pumzi hutatizika. Ugonjwa huu hutokea kwa nadra, lakini kuchemsha asali jikoni hakuui spora hizo. Nawasihi bibi, shangazi na wakunga wetu wa jadi waiache desturi ya kumlambisha asali mtoto aliyezaliwa. Anayempenda mtoto amngojee atimize mwaka.

Baada ya tahadhari hizo, asali mbichi ina heshima yake, nayo inastahili kutetewa. Kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja na kwa mtu mzima, asali hutuliza koo na kikohozi cha mafua. Uchache wa maji yake, uchachu wake na kimeng’enya kinachotoa haidrojeni peroksaidi huifanya isiwe makao mazuri ya vijidudu. Moto mkali huharibu kimeng’enya hicho pamoja na harufu ya maua, na ndiyo sababu mrina mwema hakamui masega juu ya jiko. Nyuki wenyewe hulitunza sega la majana katika joto la nyuzi 35 hivi. Asali ambayo haikupashwa moto kuzidi sana joto hilo mpaka inafika mezani kwako ndiyo inayostahili kuitwa mbichi.

Sasa, ufanyeje ukitaka kununua? Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Mnunuzi wa leo amfuate mfugaji nyuki. Faida kubwa ya asali ya karibu ni kwamba aliyeirina anafikika, anaulizika, na msimu ujao utakutana naye tena. Muulize ameirina wapi na mwezi gani. Muulize ni maua ya miti gani yaliyokuwa yamechanua. Muulize kama alichukua masega yaliyozibwa tu, kwa kuwa nyuki huziba sega pale asali inapokuwa imekauka ipasavyo, na asali changa yenye maji mengi huchachuka. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka maji yasizidi asilimia 20, na mfugaji makini anaijua namba hiyo. Muulize kama alitenga masega yenye majana, aliichuja kwa nini, aliitia katika chombo gani, na kama chombo hicho kiliwahi kubeba mafuta au dawa za shambani. Anayefuga nyuki kweli hujibu maswali haya kwa furaha, maana mara chache hupata mtu wa kumuuliza. Ukinunua dukani, tafuta jina la mzalishaji, mahali alipo, tarehe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango. Unaponunua asali ya barabarani katika chupa ya maji isiyo na jina la mtu, ujue umelipia kitu ambacho hakuna atakayejibu kwa niaba yake.

Tukumbuke pia kwamba kila chupa ya sukari iliyochemshwa inayouzwa kwa jina la asali inamnyang’anya mteja mfugaji wa Mufindi, wa Sikonge au wa Manyoni. Mfugaji aliyetundika mizinga yake msituni ana sababu ya kuulinda msitu huo. Akikosa soko, shoka na tanuri la mkaa havitachelewa kuchukua nafasi yake.

Kipimo bora cha muuzaji ni kusikiliza anachokuonya. Mwenye asali ya kweli atakuambia itaganda, atakuambia isipikwe, atakuambia nani asipewe. Anayekuahidi kwamba asali yake inaponya kila kitu na haimdhuru yeyote, mwachie chupa yake na uende zako.