Nani Aliyeufunga Mlango?

Mwaka 1850 George MacDonald, mzaliwa wa Scotland, aliitwa kuchunga usharika wa Arundel, Uingereza. Kwa kuwa alitumaini rehema ya Mungu itawafikia hata wapagani, viongozi walimpunguzia mshahara. Mwaka 1853 alijiuzulu, akiwa na mke na mtoto, akashika kalamu. Mwaka 1858 ilitoka Phantastes, hadithi yake ya nchi ya ajabu. Kijana asiyeamini, C. S. Lewis, aliinunua stesheni mwaka 1916. Baadaye alishuhudia kwamba ilimgusa moyo kwa namna ya pekee.

Je, viongozi wale walitenda vema? Hasha! Ndugu zake Yusufu walibaki na hatia, ingawa Mungu aliugeuza uovu wao kuwa wokovu. Basi sisi tunaoketi katika baraza la wazee, tusiifanye neema kuwa kisingizio.